Upele unaowasha usiku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu upele, ule unaoletwa na kidudu kinachochimba ngozi na kuinyima nyumba usingizi. Chawa, kunguni na funza wako mwishoni, kwa kuwa watu wengi huwachanganya. Dawa za upele zipo na zinafanya kazi. Kinachoshinda familia nyingi ni utaratibu: mtoto mmoja anapakwa leo, dada yake keshokutwa, baba anasema yeye hajikuni, na baada ya mwezi nyumba nzima imerudi palepale.

Ninajikuna usiku kucha, lakini mchana nina nafuu. Nitajuaje kama ni upele?

Mwasho unaozidi ukishajifunika shuka ni dalili nzuri ya kwanza, ila peke yake haitoshi. Tazama na mahali. Upele wa mtu mzima hupenda kati ya vidole vya mikono, mikunjo ya vifundo vya mikono, viwiko, kwapa, kiunoni pale mkanda unapokaa, kuzunguka kitovu, makalio na sehemu za siri. Kwa wanawake huonekana pia kuzunguka chuchu, na kwa wanaume vipele vigumu kwenye uume au korodani karibu vinamaliza ubishi. Uso na kichwa kwa kawaida husalimika, isipokuwa kwa watoto wachanga, ambao hutokwa na vipele hata kichwani, viganjani na kwenye nyayo.

Kisha uliza nyumbani. Kama mlalaji mwenzako, mtoto au msaidizi wa kazi naye amekuwa akijikuna kwa wiki kadhaa, uwezekano wa upele unapanda sana. Mzio wa sabuni hauhami kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na kisha kwa shangazi.

Vitabu husema utafute mstari mwembamba uliopinda, wa milimita chache, ambao ndio handaki la kidudu. Kwenye ngozi nyeusi, hasa iliyokwishakunwa hadi ikatoka vidonda, mstari huo ni mgumu kuuona. Unaweza kupaka wino mahali unapopashuku kisha upafute kwa kitambaa chenye spiriti: wino ukibaki umechora kijistari, handaki ni hilo. Usipouona bado unaweza kuwa na upele.

Kidudu chenyewe kinafanya nini ngozini?

Jike lina urefu usiofika nusu milimita. Linachimba kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku, na mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Katika muda wa wiki mbili hivi watoto wamekomaa na mzunguko unaanza upya. Mama yao huishi mwezi mmoja hadi miwili.

Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mgonjwa wa kawaida, huyu aliyejichubua mwili mzima, mara nyingi ana vidudu 10 hadi 15 tu. Mwasho mwingi hautokani na kung'atwa bali na mwili wenyewe kukataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Mwili unahitaji muda kuanza kukataa hivyo. Anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki nne hadi sita. Aliyewahi kuugua huwashwa ndani ya siku moja hadi nne.

Kwa hiyo yule baba asiyejikuna anaweza kuwa anausambaza tangu mwezi uliopita.

Sisi ni watu wasafi. Tumeupata wapi?

Kwenye ngozi ya mtu mwingine. Kidudu hakiruki wala hakipepei, kinatembea polepole kutoka mwili hadi mwili pale ngozi zinapogusana kwa dakika kadhaa: kulala kitanda kimoja, kumbeba mtoto, kujamiiana, kumuuguza mgonjwa. Kupeana mkono wa salamu kwa kawaida hakutoshi. Kuoga mara tatu kwa siku hakukitoi, maana kimejificha chini ya ngozi. Upele hupenda msongamano, ndiyo maana unasumbua mabweni, mahabusu, kambi za wakimbizi na nyumba ambamo watoto wanne wanalala godoro moja. Wakati wowote ule, zaidi ya watu milioni 200 duniani wanao, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Aibu haina nafasi hapa, na ina madhara: anayeficha upele hawezi kuwaambia wenzake wajitibu.

Dawa gani ninunue?

Krimu ya permethrini ya asilimia 5 ndiyo ningeichagua kwanza kama mfuko unaruhusu. Haichomi sana, inafaa kwa wajawazito na kwa watoto kuanzia miezi miwili. Mtu mzima mmoja anahitaji karibu gramu 30 kwa mpako mmoja, kwa hiyo kitubu kimoja hakiwezi kutosha familia ya watu sita hata mkikibana vipi.

Losheni ya benzili benzoeti ya asilimia 25, inayojulikana madukani kwa herufi BBE, ni ya bei nafuu na inapatikana hadi kwenye maduka madogo ya dawa. Inafanya kazi vizuri. Ubaya wake ni kuchoma, hasa penye vidonda, na ukiwapaka watoto watakuchukia kwa muda. Kwa mtoto mwenye umri wa zaidi ya miaka miwili huchanganywa na maji kiasi sawa kabla ya kupakwa. Kwa mtoto mdogo zaidi, usijipimie mwenyewe nyumbani.

Mafuta ya salfa, ya asilimia 5 hadi 10, hupakwa usiku tatu mfululizo. Yananuka na yanachafua shuka, ila ni salama hata kwa kichanga cha chini ya miezi miwili na kwa mama mjamzito. Usiyadharau kwa kuwa ni ya kizamani.

Nipake vipi ili iue kweli?

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kupaka palipo na vipele tu. Dawa inapakwa mwili mzima, kuanzia chini ya kidevu hadi kwenye vidole vya miguu, hata pale pasipowasha.

Panga usiku mmoja ambao wote wanaolala nyumbani wapo. Ogeni kwa maji na sabuni ya kawaida, jikausheni, subirini mwili upoe. Hakuna haja ya kusugua vipele kwa dodoki mpaka vitoe damu: dawa itachoma zaidi na vijidudu vya usaha vitapata mlango. Kateni kucha. Kuna methali kwamba upele humpata asiye na kucha, lakini kwenye ugonjwa huu asiye na kucha ndiye mwenye bahati, maana hajichubui na chini ya kucha zake hakuna mahali pa kidudu kujificha.

Pakaneni, maana mgongo haufikiwi na mwenyewe. Msiruke kati ya vidole, chini ya kucha, kwapani, chini ya matiti, kitovuni, katikati ya makalio na sehemu za siri. Watoto wadogo na wazee wapakwe na kichwani, nyuma ya masikio na usoni, mkiepuka macho na mdomo. Mtoto anayenyonya vidole avalishwe soksi mikononi. Kisha vaeni nguo safi.

Permethrini hukaa mwilini saa 8 hadi 12. Ukipaka saa mbili usiku baada ya Isha, utakapoamka saa kumi na moja kutawadha kwa ajili ya Alfajiri muda umeshatimia. BBE huachwa saa 24, na miongozo mingi hutaka irudiwe siku ya pili, na mingine hata ya tatu, hivyo fuata maelezo uliyopewa pamoja na chupa. Katika muda huo wote, kila unaponawa mikono, iwe ni baada ya chooni, kupika au kutawadha, paka tena mikono. Mikono ndiyo nyumba kuu ya kidudu na ndiyo inayooshwa mara nyingi kuliko kiungo chochote.

Rudieni zoezi zima baada ya siku 7, hata kama mnajisikia vizuri. Mayai yaliyonusurika mara ya kwanza yatakuwa yameanguliwa, na mnataka kuwawahi watoto kabla nao hawajaanza kutaga.

Ni lazima wote, hata wasiowashwa?

Ndiyo. Wote wanaolala chini ya paa hilo, siku hiyohiyo, pamoja na mpenzi asiyeishi hapo na bibi anayekuja kila mchana kumbeba mjukuu. Kama nyumba ya watu saba ina pesa ya dawa ya watu watatu leo, ni afadhali msubiri siku chache mpate ya wote kuliko kuanza kwa mafungu. Labda ushauri huu unaonekana mkali, lakini mafungu ndiyo yanayomaliza pesa.

Nimesikia kuna vidonge. Si rahisi zaidi?

Ivermektini ni rahisi kweli, hasa kwa bweni au gereza ambako kumpaka kila mtu ni mtihani. Kipimo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 60 humeza miligramu 12 kwa mara moja, na hurudia baada ya siku 7 hadi 14 kwa sababu dawa hii haiui mayai. Haipewi watoto walio chini ya kilo 15 wala wajawazito.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji anaweza asikuambie. Aliyeishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati, ikiwemo sehemu za Kongo zenye minyoo ya loa loa, amweleze mhudumu wa afya kabla ya kumeza, kwani mwenye minyoo hiyo kwa wingi anaweza kupata madhara makubwa ya ubongo. Na ile ivermektini ya sindano kwenye maduka ya dawa za mifugo ni ya ng'ombe na mbuzi. Nguvu yake imepimwa kwa ajili ya mnyama wa mamia ya kilo. Iache hukohuko.

Nguo na godoro je? Tuvichome?

Msichome kitu. Kidudu kikitoka mwilini hufa kwa kawaida ndani ya siku mbili au tatu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtafiti Kenneth Mellanby aliwalaza watu waliojitolea kwenye mablanketi ya wagonjwa wa upele mjini Sheffield, Uingereza, na hata kuwavalisha nguo za ndani ambazo hazijafuliwa. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Waliolala na mgonjwa mwenyewe ndio walioupata.

Kwa hiyo fanyeni ya kutosha, msipitilize. Asubuhi baada ya dawa, fueni nguo, kanga, taulo na shuka zilizotumika siku tatu zilizopita kwa maji ya moto, zianikeni juani na zipigeni pasi. Kisichofulika, kama blanketi zito au viatu vya kitambaa, kifungeni kwenye mfuko wa plastiki siku tatu. Godoro litoeni juani. Hakuna haja ya kupulizia nyumba dawa.

Wiki mbili zimepita na bado ninawashwa. Dawa ilikuwa feki?

Huenda, lakini kwanza fikiria lililo la kawaida zaidi. Vidudu vimekufa, ila mizoga na kinyesi chao vimo ngozini, na mwili unaendelea kuvikataa mpaka ngozi ya juu ibanduke. Mwasho wa wiki mbili hadi nne baada ya tiba sahihi ni wa kawaida. Watu wengi hawalijui hili, wakaendelea kupaka BBE kila siku kwa mwezi mzima, mpaka ngozi inakauka na kuwasha kwa sababu ya dawa yenyewe.

Kinachosaidia ni losheni ya kalamini, mafuta ya kulainisha ngozi yasiyo na manukato na, usiku, kidonge cha mzio kama setirizini. Dalili ya kuhofia ni vipele vipya: vinaota kati ya vidole wiki ya tatu, au mwasho haujapungua hata kidogo baada ya wiki nne. Hapo ama mtu mmoja aliruka dawa, ama mmeambukizwa upya, ama haukuwa upele. Nenda kwenye kituo cha afya.

Nilipewa krimu ya mchanganyiko, ikapoa siku tatu, ikarudi mbaya zaidi. Kwa nini?

Krimu nyingi zinazouzwa kwa kila tatizo la ngozi zina steroidi kali ndani yake, iliyochanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Steroidi hutuliza mwasho haraka, ndiyo maana zinapendwa. Kidudu haziui. Kinachofuata ni upele uliojificha: vipele vinabadilika sura, vinaenea mahali pasipo pa kawaida, na hata mganga mzoefu anapata shida kuutambua. Soma boksi. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, na hujui kwa uhakika unatibu nini, usipake. Ukishaitumia, mwambie mhudumu ukweli.

Mafuta ya taa, dawa ya josho, jiki, majani ya mwarobaini?

Vitatu vya kwanza, hapana. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na dawa ya josho au ya kupulizia mazao hupenya ngozini hadi kwenye damu, na watoto wamelazwa na wengine kupoteza maisha kwa sumu za namna hiyo. Jiki inaunguza tu. Maji ya mwarobaini yakiwa vuguvugu yanaweza kupoza mwasho, na sina ugomvi na bibi anayeyachemsha, almradi dawa yenyewe ipakwe usiku.

Ni lini niache kujitibu nyumbani?

Vipele vikitoa usaha, au vikifanya ukoko wa rangi ya asali na maumivu, mgonjwa anahitaji antibiotiki. Usipuuze hatua hii kwa mtoto: bakteria wanaoingia kwenye vidonda vya upele wanaweza kudhuru figo baadaye. Uso uliovimba asubuhi au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Homa pia.

Sababu nyingine ya kwenda mapema ni upele wa magamba. Ngozi ya mikono, miguu au kichwa inakuwa nene na yenye ukoko wa kijivu, na pengine haiwashi sana. Huwapata zaidi wazee dhaifu na watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwemo wanaoishi na VVU wasio kwenye matibabu. Hapa hatuzungumzi vidudu 15 bali maelfu, hata mamilioni, na kila anayemhudumia mgonjwa huyo yuko hatarini. Anahitaji vidonge na krimu kwa pamoja, chini ya uangalizi. Kwa Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda tangu miaka ya 1990, na kesi ngumu hupelekwa huko au kwenye hospitali nyingine za rufaa.

Mwanangu amerudi likizo kutoka bweni akijikuna. Shule ifanye nini?

Ninyi nyumbani mtibuni na mjitibu, kisha mpigieni simu mwalimu wa malezi au matroni. Kumtibu mtoto mmoja na kumrudisha kitanda kilekile ni kumwagia maji mchangani. Bweni zima linatakiwa kutibiwa siku moja, na kurudiwa baada ya wiki. Mtoto mwenyewe anaweza kurudi darasani siku inayofuata mpako wa kwanza. Kumfukuza nyumbani kwa wiki tatu hakuna maana.

Huenda si upele. Nitatofautishaje na kunguni, viroboto na chawa?

Kunguni haishi mwilini. Anatoka kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda, anauma sehemu zilizokuwa wazi, mara nyingi alama mbili tatu kwa mstari, na anaacha vidoa vyeusi kwenye shuka. Tibu kitanda, si ngozi. Viroboto huuma zaidi miguuni chini ya magoti, na kwa kawaida kuna paka au mbwa karibu. Chawa wa kichwa huonekana kwa macho: lowesha nywele, chana kwa kitana chenye meno ya karibu, tazama mayai yaliyong'ang'ania nywele nyuma ya masikio na kisogoni. Chawa wa mwili hukaa kwenye mishono ya nguo, na huyu si wa kuchezea kwa sababu anaeneza homa kali ya tifasi. Burundi ilipata mlipuko mkubwa wa namna hiyo katika miaka ya 1990, kwenye kambi za waliokimbia vita. Dawa ya chawa huyo ni kubadili nguo na kuzichemsha.

Na funza?

Funza ni kiroboto. Jike hujizika kwenye ngozi ya mguu, hasa pembeni mwa kucha na kisiginoni, likavimba hadi kufikia ukubwa wa njegere na kuacha kitundu cheusi katikati ambacho mayai hudondokea. Ni mgeni Afrika: inasimuliwa kwamba aliletwa na meli iliyotoka Brazili hadi Angola mwaka 1872, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa ameshafika pwani ya Bahari ya Hindi.

Kosa kubwa ni pini au mwiba mmoja kuzungushwa kwa watoto wote. Pini hiyo inahamisha homa ya ini na VVU, na kidonda kichafu kinakaribisha pepopunda. Kama funza ni mmoja au wawili, mhudumu anaweza kumtoa kwa sindano safi. Wakiwa wengi, mafuta ya dimetikoni yanayowaziba pumzi ni bora kuliko kuchokonoa, na pasipo na hayo vituo vingi hutumia maji ya pamanganeti ya potasiamu kulowekea miguu. Hakikisha chanjo ya pepopunda. Funza anazaliana kwenye vumbi la sakafu ya udongo, hivyo mwaga maji kabla ya kufagia, saruji ikiwezekana, na nguruwe na mbwa wasilale ndani.

Mbwa wetu ana ukurutu na amenyonyoka manyoya. Ametuambukiza?

Vidudu vya mbwa vinaweza kukuwasha siku chache baada ya kumshika, lakini haviwezi kuzaliana kwenye ngozi ya binadamu. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na mwasho wenu utaisha wenyewe. Usipoisha, rudini kwenye swali la kwanza na kutazamana vidole.